Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Kapsokwony, Bungoma
12 Januari 2025

Chelangat, mtoto wa mtoto wangu,

Mimi Kogo, nyanya yako, bado niko. Goti la kushoto linalia baridi ikija, la kulia linamcheka mwenzake. Nyinyi je? Kimeli bwana yako ana nguvu? Na Kipkoech, yule mwanaume wangu mdogo, ameachilia ukuta au bado anatembea akiushika?

Anayeandika hapa ni Rosaline, mwalimu wa nasari aliyepanga kwa Wahome. Mimi sikupelekwa shule, nilipelekwa malishoni. Nimemwambia asinisafishie maneno, yafike na matope yake. Simu usipige tena. Iliniponyoka chooni, na Rosaline asiandike kwamba anacheka.

Maziwa uliyompa Kipkirui yamefika. Gari lake la vitunguu lilivunjika ekseli pale Kamukuywa, akalala hapo, jerikeni yako juani mchana kutwa, akanifikia siku ya pili jioni. Nilifungua kifuniko nikiwa nimeziba pua. Nikanusa. Nikamwita Rosaline anuse. Matamu kabisa, ungesema ng'ombe amefungwa hapo nyuma ya nyumba. Rosaline akasema ni baraka. Tangu ng'ombe wangu afe sijapata chai iliyonituliza hivyo.

Nusu nimekunywa. Nusu nimeweka kwenye kibuyu. Nimekisugua ndani na mkaa wa mti wa senetwet vile mama yangu alinionyesha, nimgandishie Kipkoech maziwa ya mursik. Mtoto wa huku asiyejua ladha ya ule mkaa ni mgeni kwao.

Barua yako ifunge kwenye mkono wa jerikeni, na mimi nikirudisha jerikeni nitafunga yangu hapo hapo.

Ni mimi,
Kogo wako


Tuwan, Kitale
19 Januari 2025

Kogo yangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Natumaini goti la kushoto limenyamaza. Sisi tuko wazima, ila vumbi la Tuwan linatutoa makamasi. Mwambie Rosaline asante kwa mkono wake mzuri.

Nimefurahi maziwa yamefika salama. Kogo, biashara imetukubali. Kimeli anaamka giza, anapanda pikipiki mpaka upande wa Moi's Bridge, anazunguka kwa wakulima, akirudi mimi nafungua kibanda. Mwaka juzi unakumbuka tulivyokuwa tukimwaga? Maziwa yakifika mchana yamekatika, nalia, yeye ananuna. Sasa tangu baada ya Pasaka hatujamwaga hata kikombe. Akina mama wananisifu ati maziwa yangu hayana aibu, unaweza kuyaacha mpaka kesho. Jirani yangu Gathoni, yule mwenye mapacha, hanunui kwingine.

Kipkoech anatembea. Mdomo haufungi, anakula kama mtu aliyetoka kulima. Lakini ni mwepesi, Kogo. Ukimbeba ni kama umebeba nguo za kufua. Kimeli anasema mtoto amefuata upande wake, watu wa mifupa myembamba. Na kuna faida: ile sweta ya buluu uliyomfumia Pasaka iliyopita bado inamtosha vizuri, mikono na yote. Umenisaidia, sijanunua nyingine.

Tunangoja mursik.

Mjukuu wako,
Chelangat


Kapsokwony
2 Februari 2025

Chelangat,

Umeamkaje huko? Watu wako wameamkaje? Mimi naamka, lakini usingizi si usingizi.

Nitakuambia jambo na usicheke. Maziwa yamekataa kuganda.

Nilifungua kibuyu siku yake ilipofika. Maji meupe. Nikasema baridi, nikakisogeza karibu na jiko. Nikangoja tena. Nikaonja. Yako vile vile, matamu, yananitazama tu. Chelangat, mimi nimegandisha maziwa tangu kabla ya kuota matiti. Nimegandisha wakati wa vita, tukiwa tumejificha msituni, kibuyu kimefungwa mgongoni pamoja na babako. Hayajawahi kunikataa.

Mama yangu alikuwa akisema, maziwa yakikataa mkono wa mwanamke, mkono huo umekwisha kazi, na mwenye mkono ajitayarishe. Alisema hivyo kuhusu nyanya yake, na hatukukaa sana tukazika. Naogopa. Nilifikiri nikizeeka sitaogopa, kumbe ni uongo.

Rosaline amesema hilo ni jambo la ushirikina. Nimemwambia aandike tu.

Lakini si hilo peke yake linaloninyima usingizi. Ni sweta. Uliandika kama jambo la kufurahisha, Rosaline akasoma akicheka, na mimi nikashika meza. Sweta hiyo niliipima kwa mtoto wa mwaka mmoja. Pasaka nyingine hii inakaribia. Mtoto anayekula mdomo haufungi, chakula kinaenda wapi?

Unampa nini? Niambie ukweli. Najua vitu vya mjini. Ile juisi ya unga yenye rangi ya damu. Biskuti ambazo karatasi inafifia dukani na zenyewe ziko vile vile. Soseji za waridi, kana kwamba kuna ng'ombe wa waridi. Mkate ambao hata ukungu unauogopa. Sikiza, mama. Tumbo ni shimo la mbolea. Unatupa majani, yanaoza, yanakuwa chakula cha shamba. Sasa wewe ukitupa shimoni kitu kilichopewa dawa ya kutooza, shamba litakula nini? Kitapita tu, kitoke kama kilivyoingia.

Mnyang'anye hivyo vitu. Mpe maziwa tu na uji.

Kogo


Tuwan
9 Februari 2025

Kogo mpenzi,

Pole kwa mawazo. Nimesoma barua yako nikiwa kibandani, wateja wakaniuliza kama nimefiwa. Tafadhali usiongee habari za kujitayarisha. Mkono wako haujakwisha. Labda kibuyu kimezeeka, au mkaa ulikuwa na unyevu.

Kuhusu Kipkoech, umenionea. Hivyo vitu vya karatasi simpi. Anakunywa maziwa yetu, Kogo. Asubuhi kikombe, mchana kikombe, jioni anapikiwa uji kwa maziwa. Akilia usiku namwongezea. Hakuna mtoto hapa Tuwan anayekunywa maziwa kama yeye, na babake anayaleta mwenyewe.

Ni kweli anaharisha, inakuja na kuondoka. Nilimpeleka kliniki. Walimdunga kidole wakasema damu iko chini, wakanipa dawa ya kuongeza damu. Nampa. Juzi wamepima tena, haijapanda. Muuguzi akaniangalia kama mtu anayeuza dawa badala ya kumpa mtoto. Nikaona aibu, sikurudi.

Kimeli anakusalimia. Anasema kibuyu kipumzishe.

Nakutumia jerikeni nyingine.

Chelangat wako


Kapsokwony
16 Februari 2025

Chelangat,

Sijui kama hujambo. Safari hii nauliza kwa kutaka jibu. Mtoto hajambo?

Keti chini. Kama mtoto yuko mapajani, mshikilie.

Niliosha kibuyu. Nikakichoma ndani upya, nikasugua mkaa mkavu, mti ule ule. Nikaomba maziwa kwa Judy wa hapo ng'ambo, ya ng'ombe wake, nikamimina kwa mkono wangu huu unaodaiwa umekwisha. Yameganda. Yametoka mazito, yana zile mvi za mkaa, nimekunywa hadi nikapiga mbweu. Nilikaa hapo jikoni nikajicheka. Basi sifi.

Kisha kicheko kikaniisha.

Maana nilichukua yale yako mapya, nikampelekea Judy ayaweke kwenye kibuyu chake, kwa mkono wake. Yamekataa. Nikaweka mengine kwenye bakuli, wazi, hapo mlangoni ambapo nzi wamenishinda mwaka mzima. Chelangat, hakuna nzi aliyetua. Wanazunguka, wanashuka, wanaondoka. Paka wa Wahome alikuja, akanusa, akanitazama kama nimemtukana.

Kibuyu ni tumbo, mama. Ni tumbo tu ambalo liko nje. Kama maziwa haya yanashinda kibuyu, yanashinda nzi, yanashinda jua la Kamukuywa, ni nini kiko ndani? Na tumbo la mtoto lililo dogo kama ngumi litayaweza vipi?

Muulize Kimeli anaweka nini. Usimuulize kwa upole. Na kabla hujamuuliza, mnyang'anye mtoto kikombe. Leo hii, barua ikiwa bado mkononi.

Nilikuambia umpe maziwa tu. Ni mimi niliyesema hivyo, na ulinisikiliza. Naogopa hata kulisema neno hilo tena.

Kogo


Kitale, hospitalini
9 Machi 2025

Kogo,

Nisamehe kwa kunyamaza. Salamu sina, ila nakuombea afya.

Barua yako niliichana. Nilikasirika. Nilisema huyu mzee amekosa ng'ombe sasa anatuonea wivu sisi wenye maziwa. Nikampa mtoto kikombe siku hiyo hiyo, ili nikuonyeshe. Nakuandikia hivyo kwa sababu ukija kunipiga ujue unapiga kwa nini.

Wiki iliyofuata Kipkoech alianza kuharisha maji tupu, akaacha hata kulia, akawa anatazama tu. Miguu ikavimba. Nikiwa natafuta kitambaa cha kumfunika kwenye boksi la pikipiki, nikashika chupa. Haina karatasi wala jina. Nilifungua, macho yakatoa machozi yenyewe.

Nikamwekea Kimeli chupa juu ya meza. Hakukana. Alisema wachuuzi wengi wa njia ile wanatumia, kifuniko kimoja kwa kila mtungi, na yeye ameuziwa na mtu aliyemwambia ni dawa ya kulinda maziwa. Akasema: "Tulipokuwa tukimwaga ulilia. Nilitaka usilie. Na mimi si nakunywa pia? Si unaniona niko hapa?" Nikamwambia aangalie kitandani, aone nani anatuacha.

Tulikimbia hospitali kwa pikipiki ile ile. Daktari alinusa chupa mara moja akaifunga na kuifungia kabatini. Akasema ingawa lazima ipelekwe ipimwe, harufu hiyo anaijua. Ni dawa wanayotumia kuhifadhi maiti zisioze.

Kogo, nilimwomba arudie.

Alinieleza polepole. Dawa hiyo inaua vijidudu vinavyogandisha maziwa, ndiyo maana hayaharibiki. Lakini utumbo nao una ngozi laini ndani, ndiyo inayofyonza chakula, na dawa ya namna hiyo inaichubua. Ikichubuka, chakula kinapita kama mvua kwenye bati. Hata ile dawa ya damu ilikuwa inapita. Hawezi kuapa kwamba ni hiyo peke yake, lakini hata tone lisimguse tena. Wamemwekea maji kwa mshipa. Nikauliza kama atapona. Akasema tungoje tuone kama utumbo utakubali.

Sasa hofu nyingine. Kimeli amesimama, hajaenda kwa wakulima. Wateja wanampigia simu. Hawajui. Nimeuzia nusu ya Tuwan, Kogo. Nimewauzia wenye mimba. Mapacha wa Gathoni wameanza kunywa wakiwa na miezi sita. Nikisema, watatuchoma ndani ya nyumba. Kimeli anasema tunyamaze tu, dawa imekwisha, maziwa mapya yatakuwa safi, nani atajua?

Rosaline, ukifika hapa kusoma, nakuomba kwa jina la Mungu, lisitoke nje ya mlango wa Kogo.

Chelangat


Kapsokwony
11 Machi 2025

Mtoto wangu,

Kipkirui nimemwambia asisubiri kujaza gari. Anashuka leo na barua hii.

Kipkoech anapumua? Anakojoa? Midomo ina maji? Mtu ambaye hajaona mtoto amevimba miguu hajui kuogopa ni nini. Mimi nilizika mmoja wa hivyo kabla ya kumzaa babako. Sikukuambia kamwe, sikuona haja.

Rosaline amesoma hadi mwisho. Alilia, akafunga mlango wangu mwenyewe kwa komeo. Hatasema. Lakini mimi si Rosaline.

Wewe utasema.

Wako ana maji kwenye mshipa na daktari kichwani. Wa Gathoni wana kikombe. Sasa hivi tunapoandika, labda mama yao anapasha mabaki yale ambayo unajisifu yanakaa mpaka kesho. Akipeleka watoto kliniki atapewa dawa ya damu, haitapanda, atatazamwa kama mwizi, ataona aibu, hatarudi. Njia hiyo unaijua. Umepita juzi. Utamwachaje aipite gizani na wewe una taa?

Unaogopa watakuchoma. Na mimi naogopa. Nikifumba macho naona bati jekundu. Lakini enda kwa Gathoni kwanza, peke yako, kabla ya wengine, ukiwa umebeba karatasi aliyoandika daktari. Usijitetee. Mwambie: nilimpa wangu pia. Akikupiga kofi, lipokee, ni lake. Kisha muende pamoja kwa wengine. Mama mwenye mtoto mgonjwa anaweza kumsikiliza mama mwenye mtoto mgonjwa. Mwanaume mwenye pikipiki hatasikilizwa, kwa hivyo Kimeli akae nyuma yako, na aende mwenyewe kwa afisa wa afya aseme nani alimuuzia.

Kimeli si mtu mbaya. Ni mwoga wa kumwaga. Mwambie Kogo amesema kumwaga maziwa hakujawahi kuua mtu.

Mimi niliyanywa nikayaita baraka, kwa hivyo sina kiti cha juu cha kukuhukumia.

Nikisikia wamekugusa nitashuka. Nitakaa mlangoni pako na hili goti.

Kogo


Kapsokwony
6 Aprili 2025

Chelangat,

Mko salama? Ni mara ya pili nauliza na hakuna anayejibu.

Kipkirui amepiga simu ya Kimeli, imezimwa, kwa hivyo amepita Tuwan. Anasema kibanda kimefungwa na mlango una alama za mawe. Anasema kuna maziwa yamemwagwa mbele, yamekauka chini kama chokaa. Aliuliza majirani, wakamgeuzia mgongo. Hospitalini wakamwambia si ndugu, hawezi kuambiwa.

Nimemwambia Rosaline aandike fupi. Kama mtoto ameenda, niambieni. Msinifiche kwa sababu ni mzee. Wazee ndio tunajua kubeba hayo.

Jumapili nikikosa habari, napanda gari la vitunguu.

Kogo


Tuwan
11 Aprili 2025

Kogo,

Usishuke. Sote tuko hai, na tunakusalimia.

Nilienda kwa Gathoni na karatasi, kama ulivyosema. Alisoma. Hakunipiga. Aliingia ndani, akatoka na sufuria, akamwaga maziwa mbele ya kibanda changu, akafunga watoto mgongoni na kifuani akaenda kliniki. Afadhali angenipiga. Wengine walikuja jioni na mawe. Ni yeye aliyerudi akasimama kati, akawaambia: "Kama angenyamaza, mngejua?" Kisha akaniambia mimi nisimsalimie tena njiani. Nimekubali.

Pacha mmoja damu yake iko chini, wanamtibu. Mwingine yuko sawa. Kimeli alienda mwenyewe kwa maafisa, wamemhoji, wamemnyang'anya mitungi, kesi yake itasikizwa. Amekonda. Anatazama mikono yake sana.

Kipkoech ametoka hospitalini. Anapimwa kila wiki. Wiki ya kwanza uzito ulishuka, ya pili ulisimama. Daktari anasema kusimama si kubaya. Mimi nikimlaza naweka kidole chini ya pua yake. Siwezi kukuambia ameshapona. Sijui.

Nimeuliza kuhusu mursik yako, daktari amesema bado, tumbo likishatulia.

Sitaandika mpaka niwe na neno la kweli. Ukiona kimya, ujue bado tunangoja.

Chelangat


Kapsokwony
17 Agosti 2025

Chelangat,

Salamu zangu kwenu, na kwa yule unayemwekea kidole chini ya pua.

Kimya chako nimekaa nacho kama nilivyoambiwa. Mahindi yametoa ndevu, nikangoja. Tumechemsha mabichi ya kwanza, nikangoja. Rosaline alikuwa akipita jioni na kalamu, namwambia leo hakuna.

Jana Kipkirui ameshusha jerikeni. Sikuona barua kwenye mkono wake, nikakataa kuifungua. Judy ndiye aliyefungua. Harufu ikajaa nyumba. Yalikuwa yamekatika njiani, mabonge juu na maji ya kijani chini, kifuniko kimefura. Nzi waliingia kabla sijaketi vizuri. Judy akasema pole Kogo, yameharibika. Nikamwambia anyamaze aniache nisikie harufu.

Kipkirui alisema ni ya ng'ombe ambaye Kimeli anamchunga sasa kwa mkulima mmoja, anayakamua mwenyewe na kuyaleta nyumbani bila kutia kitu.

Kisha akarudi garini, akasema alikuwa amesahau, kuna kifurushi. Sweta ya buluu. Nikasema moyoni, basi. Nguo ya mtoto ikirudi peke yake kwa nyanya, sisi tunajua maana yake. Niliikunja nikaiweka mapajani, sikutaka kuitazama. Rosaline ndiye aliyeichukua akaigeuza kwenye mwanga, akaniwekea kidole changu kwenye kwapa la sweta. Mshono umepasuka. Upande huu, na upande ule. Shingoni imevutwa hadi uzi umekuwa mwembamba. Na hapo kwenye tumbo kuna uji umekauka.

Hukuandika neno, na neno lilikuwa hilo.

Sitaushona huo mshono. Nimeitundika ukutani, mahali ambapo wengine wanatundika picha.

Uzi wa sweta mpya ninao, ni wa kijani. Mpime mkono wake kwa kamba, kutoka begani hadi kwenye kifundo, uikate, uifunge kwenye jerikeni. Usiivute kamba ili kunifurahisha. Ikate vile ulivyo mkono wenyewe, mimi nitaongeza vidole viwili vya kukulia.

Kogo wenu